Gari Hula Mafuta, Gesi Halili

Kwa miaka mitatu mfululizo, kila joto lilipoanza kupanda, nilipeleka gari langu kujazwa gesi ya AC. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Boneti inafunguliwa, mpira unachomekwa, mshale wa geji unapanda, fundi anaweka kiganja kwenye tundu la dashibodi na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nalipa, naondoka na ubaridi wangu. Mwaka unaofuata narudi. Sikuona ajabu yoyote, maana neno lenyewe "kujaza" lilikuwa limenifunga macho. Petroli hujazwa, maji hujazwa, upepo wa tairi hujazwa; basi gesi nayo, nikadhani, inaisha na kujazwa.

Mwaka wa nne fundi niliyemzoea hakuwepo. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye kazi yake hasa ni mafriji, magari huyashika mara mojamoja. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuongeza gesi. Akauliza mara ya mwisho niliongeza lini. Mwaka jana. Na kabla ya hapo? Mwaka juzi. Akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama.

"Mwanangu, gari hula mafuta. Gesi halili. Hiyo yote umeiacha wapi?"

Nikakosa jibu. Akaendelea, kwa upole kabisa: "Friji ya nyumbani kwenu ina miaka mingapi? Mmeshawahi kuiongeza gesi?" Hatujawahi. Ile friji ni mkubwa wa mdogo wangu wa mwisho, na inagandisha barafu mpaka leo. Mzee akasema hatanijazia. Nikatafute kwanza inapotokea, nikishapata nirudi, atanionyesha mengine. Sikumchukia. Nilirudi nyumbani na madirisha yote wazi, jasho likinitiririka mgongoni, nikiwa nimeshaamua kwamba safari hii nitaijua hii kitu mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Cha kwanza nilichopaswa kukifuta kichwani ni imani kwamba kiyoyozi kinatengeneza ubaridi. Hakitengenezi. Kazi yake ni kuchota joto ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje, kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi kwa kata, anachota na kumwaga bila kupumzika. Gesi ndiyo kata. Kata haipungui kwa kuchota. Ikipungua, imetoboka.

Namna inavyochota ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Pakaa spiriti mkononi, utasikia ubaridi, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke inachukua joto la ngozi yako. Gesi iliyomo kwenye magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ile inayoitwa R-134a, ikiwa wazi hewani huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi chini ya sifuri. Yaani kitu chochote unachokigusa wewe na kukiona cha baridi, kwake ni jiko. Ila kiwango hicho cha kuchemka hubadilika na presha. Ukiibana, inakubali kuwa kimiminika hata kwenye joto kali. Ukiiachia, inachemka hapo hapo. Mfumo mzima wa kiyoyozi ni mchezo wa kuibana na kuiachia.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inavuta mvuke na kuubana hadi unakuwa moto. Mvuke huo unapelekwa mbele ya rejeta, kwenye kondensa, unapigwa na upepo, unaachia joto lake na kuwa kimiminika. Unapita kwenye draya, ambamo mna chembechembe za kunyonya unyevu. Kisha unafika kwenye valvu ya kutanulia, tundu jembamba sana. Upande wa pili wa tundu hilo presha inaanguka ghafla, na kimiminika kinaanza kuchemka ndani ya evapoleta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inasukuma hewa ya ndani ya gari kupita hapo, joto linabaki kwenye gesi, ubaridi unakufikia usoni. Unyevu wa hewa nao unajikusanya kwenye evapoleta kama umande wa alfajiri, unashuka kwa kibomba na kudondoka chini ya gari. Yale maji yanayowatia watu hofu wakidhani rejeta imepasuka, mara nyingi ni haya tu, nayo ni dalili ya afya.

Nilipoelewa hivyo, geji zikaanza kusema. Kwa R-134a, presha ya paundi 28 hivi kwa inchi ya mraba maana yake gesi inachemka kwenye nyuzi sifuri. Basi upande wa presha ndogo ukisoma karibu na 30 injini ikiwa inanguruma, najua evapoleta iko karibu na ubaridi wa kugandisha maji, na ikishuka chini ya hapo kwa muda mrefu itajifunika barafu na upepo utakatika. Upande wa presha kubwa ukisoma 200, gesi ndani ya kondensa iko kwenye nyuzi 54 hivi, na ni lazima iwe moto kuliko hewa ya nje, la sivyo joto litamwagwa wapi? Geji ni kipimajoto kilichovaa nguo nyingine. Jambo hili peke yake lingeniokolea miaka mitatu kama ningeambiwa mapema.

Kabla ya kulielewa, hata hivyo, nilikuwa nimeshakosea. Nilikuwa nimenunua kopo la gesi lenye geji ndogo juu yake, yenye rangi za kijani, njano na nyekundu. Siku moja, gari likiwa limezimwa tangu asubuhi, nikalichomeka kupima tu. Ikasoma 97. Nikajiambia mfumo umejaa, tatizo liko kwingine, nikapoteza wiki mbili nikifuatilia fyuzi na rilei.

Kosa langu linaeleweka ukifikiria mtungi wa gesi ya kupikia. Mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebakia robo, moto wa jikoni ni uleule. Hakuna anayejua unaisha lini kwa kutazama moto. Watu huunyanyua wausikie uzito. Sababu ni kwamba maadamu ndani kuna kimiminika hata kidogo, presha hufuata joto, haifuati kiasi. R-134a iliyotulia kwenye joto la nyuzi 30 itasoma takriban paundi 97, iwe imebaki gramu 500 au gramu 150. Kwenye nyuzi 20 itasoma 68. Geji ya kopo ilikuwa inanipimia hali ya hewa. Kipimo cha kweli cha gesi kwenye gari ni mizani, na ndiyo maana chini ya boneti kuna karatasi iliyobandikwa inayoeleza aina ya gesi na uzito wake. Langu limeandikwa R-134a, gramu 500. Nilikuwa nimefungua boneti ile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu bila kuisoma karatasi hiyo.

Huo ndio ubaya wa kuongeza gesi kwa kubahatisha. Ukizidisha, kondensa inajaa kimiminika, presha inapanda, kompresa inalemewa na ubaridi unapungua badala ya kuongezeka. Ukipunguza, ni mbaya zaidi kwa siku za mbele, kwani oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa chache, oili hairudi nyumbani, na kompresa inasagika kimya kimya. Gari langu lilikuwa likitoa sauti ya tak, kimya sekunde kadhaa, tak tena. Ilikuwa klachi ya kompresa ikishika na kuachia kila mara, kwa sababu swichi ya presha ilikuwa inaona gesi haitoshi na kuizima kuinusuru. Nilikuwa nimeisikia sauti ile miezi kadhaa nikadhani ndivyo gari linavyopumua.

Swali la mzee lilinipeleka mbali kuliko chini ya boneti. Umeiacha wapi? Nilikwenda kusoma. Magari ya zamani, tangu kampuni ya Packard ya Marekani ilipotoa magari yenye kiyoyozi cha kiwandani ya mwaka 1940, yalikuja kuzoea gesi ya R-12, ambayo watu wengi waliijua kwa jina la Freon. Ilionekana ya ajabu: haiwaki, haina sumu, haina harufu. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na F. Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi za jamii hiyo, kwa vile hazivunjiki huku chini, hupanda hadi juu angani na huko klorini yake humega tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya jua. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa, na mwaka 1995 wanasayansi hao wawili pamoja na Paul Crutzen wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. R-134a iliingia kushika nafasi ya R-12 kwa sababu haina klorini. Ozoni ilianza kupona, lakini joto la dunia halikupona: kilo moja ya R-134a, ikihesabiwa kwa miaka 100, hunasa joto sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ya kaboni dioksidi. Mwaka 2016, mjini Kigali, nchi zikakubaliana kupunguza jamii hii nayo.

Nikachukua kalamu. Gramu 500 za gari langu ni sawa na kilo 715 za kaboni dioksidi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo kila mara mfumo wangu ulipovuja ukaisha, ilikuwa kama nimechoma lita 300 za petroli bila gari kusogea hata hatua. Sikuwa na gesi iliyoisha mimi. Nilikuwa nimeiacha hewani, na kila mwaka nililipa ili niiache tena. Tangu siku hiyo sijaweza kumtazama mtu anabonyeza pini ya valvu "kutoa gesi kidogo" bila kuumia.

Basi nikaanza kutafuta. Nilianza na vitu visivyohitaji kufungua chochote, na huu ndio ushauri ambao ningempa mtu yeyote mwenye haraka ya kushika geji. Chujio la hewa ya ndani, lile linalokaa nyuma ya droo ya dashibodi, nililitoa likiwa na majani na vumbi zito kama blanketi. Upepo ukarudi nusu nzima siku hiyo hiyo. Kondensa nikaiosha kwa maji yasiyo na nguvu, maana mapezi yake ni laini, yakilala upepo haupiti. Feni ya mbele nikahakikisha inawaka AC inapowashwa. Ubaridi ukaongezeka kiasi, lakini ile tak, tak, iliendelea.

Uvujaji wa gesi una shahidi mmoja mwaminifu, nayo ni oili. Gesi ikitoka hupotea, haionekani wala hainuki. Lakini hutoka na oili kidogo, na oili hukamata vumbi. Kwa hiyo unatafuta mahali penye utando mweusi wa mafuta ambapo hapana sababu ya kuwa na mafuta. Nilipita na tochi kila kiungo, kila bomba, chini ya kompresa, uso wa kondensa ambako kokoto za barabarani hupiga, na kwenye vichwa viwili vya kuchomekea mipira, ambavyo ndani vina pini kama ya tairi. Hizo pini huvuja mara nyingi, na kifuniko chake cha plastiki si cha urembo; ndicho kizuizi cha pili. Nikakuta sehemu tatu za kushuku. Ili nisikisie, nikaweka kwenye mfumo rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, nikaendesha gari siku tano, AC ikiwa wazi.

Usiku wa siku ya tano nikazima taa zote, nikavaa miwani ya njano inayokuja na taa hiyo, nikamulika. Kompresa, giza. Pini zote mbili, giza. Nikainama hadi kona ya chini ya kondensa, pale bomba la aluminiamu linapoingia na kubanwa kwa bolti moja. Palikuwa na mstari wa kijani-njano, mwembamba, umezunguka kiungo kama pete, na tone moja limening'inia chini yake likiwaka kama jicho la paka. Nilikaa nikilitazama. Miaka minne ya gesi ilikuwa imepitia hapo, kwenye nafasi ambayo unywele usingeingia.

Nilirudi kwa mzee na habari hiyo. Hakusifia. Alisema, "Sasa tunaweza kuzungumza," akanivutia kigoda.

Tulianza kwa kuitoa gesi iliyobaki kwa mashine yake ya kunyonya, inayoirudisha ndani ya mtungi. Mizani ikasoma gramu 190. Chini ya nusu. Hatua hii mtu wa nyumbani asiyekuwa na mashine haiwezi, na sioni njia ya mkato yenye heshima: mpelekee mwenye mashine. Marekani sheria inakataza kuiachia gesi hewani, na anayetengeneza viyoyozi vya magari kwa malipo ni lazima awe na cheti. Umoja wa Ulaya nao una masharti ya mafunzo. Ni vyema kila mtu aulize sheria ya kwao inasemaje kabla hajagusa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, zile kilo 715 zipo palepale.

Mfumo ulipokuwa mtupu nikafungua bolti mwenyewe. Mzee alikuwa ameketi, hakushika kitu. Bomba lilipotoka niliziba midomo yote miwili papo hapo kwa nailoni safi, kwani oili ya mfumo huu, ile inayoitwa PAG, hunywa unyevu wa hewa kama chumvi. Kisha nikaitoa oringi ya zamani, ile pete ya raba inayoziba kiungo, kwa ncha ya kijiti, nisije nikakwaruza aluminiamu kwa bisibisi. Nikaiweka kiganjani pembeni ya mpya. Mpya, ukiitazama ubavuni, mwili wake ni wa duara kama kamba nene. Ya zamani ilikuwa imebanwa miaka mingi hadi imekuwa bapa pande mbili, ngumu, haina tena nguvu ya kurudi. Nilipoikunja, ukajitokeza ufa mwembamba mfano wa ufa wa kisigino. Kitu kidogo kuliko pete ya kidole cha mwisho.

Mpya nikaipaka oili, nikaivisha, nikakaza bolti kwa spana ya kipimo badala ya nguvu ya hasira. Draya nayo ikabadilishwa, maana ikishakunywa unyevu imeshiba, na nikaongeza oili kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa ajili ya kifaa hicho, si tone zaidi. Hapo mzee alinionya jambo la magari yenye kompresa ya umeme, yale ya mseto na ya betri: hutumia oili ya aina nyingine isiyopitisha umeme, na ukichanganya PAG humo unaweza kuharibu kompresa na hata kuhatarisha maisha ya atakayeigusa. Hayo bado siyagusi.

Kisha akaleta naitrojeni, akaipitisha kwenye regyuleta yake na kuujaza mfumo hadi paundi 150. Kamwe usitumie oksijeni. Ikikutana na oili chini ya presha hulipuka. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna kilichotoa mapovu. Mshale ukakaa nusu saa bila kutikisika. Nilitaka kuruka hatua hii niende moja kwa moja kwenye pampu ya kunyonya hewa, akanikatalia: "Vakyumu inavuta kwa ndani, gesi inasukuma kwa nje. Mlango ukivutwa unajifunga, ukisukumwa unafunguka."

Ndipo tukaachia naitrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta na haidhuru kitu, nikawasha pampu ya vakyumu.

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, ingawa mtazamaji ataona mtu ameketi karibu na mashine inayovuma. Mshale wa bluu, wa upande wa presha ndogo, ulishuka, ukapita sifuri, ukaenda hadi karibu na inchi 29 za zebaki. Watu hudhani pampu inatoa hewa tu. Inafanya zaidi ya hapo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu hewa inayakandamiza. Ondoa hewa hadi ibaki sehemu moja kwa 32, na maji yatachemka kwenye nyuzi 25. Unyevu uliojificha kwenye kuta za mabomba, ambao kitambaa hakiufikii, unachemka wenyewe kwenye joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Ukibaki humo, utaganda kwenye tundu la valvu ya kutanulia na kulifunga, au utaungana na oili na gesi utengeneze asidi inayokula chuma kutoka ndani. Kukausha huku kunataka muda. Dakika kumi hazitoshi. Nilipiga dakika 45.

Nikafunga valvu, nikazima pampu. Kimya. Baada ya dakika kama kumi hivi mshale ukawa umesogea, 28. Kisha 27. Moyo ukaniporomoka, nikawaza oringi imekaa vibaya, nikawaza kufungua kila kitu upya. Mzee akauliza swali moja tu.

"Gari limepita naitrojeni?"

"Limepita, mzee."

"Basi kinachovuja si cha gari. Ni chako."

Nikatenganisha mipira yangu na gari, nikaivuta yenyewe peke yake. Mshale ukarudi vilevile. Ndani ya mwisho wa mpira wa bluu, pale unapofungwa kwenye geji, kuna raba ndogo. Yangu ilikuwa imekaa upande. Nikabadilisha, nikaanza upya, dakika 45 nyingine. Safari hii mshale ulikaa saa nzima. Naandika hili kwa urefu kwa sababu nimeona watu wengi wakilaumu gari kwa kosa la kifaa chao wenyewe, na wanaishia kununua dawa za kuziba uvujaji, zile za kumiminwa ndani. Naomba msizitumie. Kinachoziba tundu bila kulijua kinaweza kuziba na valvu, na zinaharibu mashine za kunyonyea gesi za mafundi, hata baadhi yao wakishajua gari limewekewa hawaligusi.

Kujaza, ambako ndiko nilikokuwa nakulipia miaka yote, kulikuwa kufupi. Miwani usoni, glavu mkononi, mahali penye hewa, maana gesi hii ikigusa jicho inagandisha, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya chini kwenye shimo au chumba kilichofungwa. Mtungi ukawekwa juu ya mizani, wima, ili itoke kama mvuke. Ukiupindua inatoka kimiminika, na kompresa haiwezi kubana kimiminika, itavunjika. Mizani ilisoma gramu 6,480. Nilipaswa kuishia 5,980. Nikasafisha hewa kwenye mpira wa njano, ule unaotoka kwenye mtungi, kwa pumzi moja fupi ya gesi, nikafungua upande wa bluu. Nusu hivi ikavutwa na vakyumu yenyewe, kisha nikawasha injini na AC ikamalizia. Valvu nyekundu haiguswi wakati huo. Ukiifungua injini ikinguruma, presha ya upande mkubwa inarudi kwenye mtungi au kopo, na kopo hupasuka.

6,100. 6,050. Mkono wangu ulikuwa kwenye valvu, macho kwenye tarakimu. 5,990. Nikaanza kufunga, ikatulia 5,980. Geji: 32 upande mmoja, 190 upande wa pili. Nje kulikuwa na nyuzi 31. Kipimajoto tulichokichomeka kwenye tundu la katikati kikashuka taratibu, 20, 14, 9, kikasimama 7. Klachi ilishika mara moja, ikatulia. Ile tak ya mara kwa mara ikawa imekwisha.

Watu wameniuliza mambo mawili tangu nianze kuwasaidia jamaa na magari yao. La kwanza ni gesi mpya. Magari mengi ya sasa yana R-1234yf, na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2017 hauruhusu magari mapya madogo kuuzwa na gesi yenye nguvu ya kunasa joto inayozidi mara 150 ya kaboni dioksidi. Hii mpya iko chini ya 5, ila inaweza kuwaka, na vichwa vyake vya kuchomekea ni tofauti makusudi ili usiichanganye na ya zamani. Usitafute kiunganishi cha kudanganya. La pili ni wale wanaoambiwa gesi ya kupikia inapoza vizuri na ni rahisi. Inapoza, ni kweli. Lakini evapoleta iko magotini pako, ndani, na ikitoboka siku ya ajali utakuwa umeketi kwenye chumba kilichojaa propani. Kwa hili sina upole. Na asikudanganye mtu kutafuta uvujaji kwa mwali wa moto kama walivyofanya wa zamani na R-12. Gesi hizi zikiungua hutoa sumu.

Msimu wa joto wa pili umefika na gari halijachomekwa mpira. Kabla ya kuisafisha ile rangi ya zamani nilikuwa nimepiga picha ya kiungo, kisha nikakifuta kwa spiriti hadi kikawa cheupe. Wiki iliyopita, usiku, nikazima taa, nikavaa miwani ya njano, nikainama hadi kona ya chini ya kondensa na kumulika. Aluminiamu, bolti, vumbi la barabarani. Nilizungusha taa pande zote mara mbili. Hakukuwa na kijani popote. Nikafunga boneti.